Sura ya Tano: Upande wa Kusini wa Jiwe

Muulize mtu yeyote aliyesoma biolojia ya sekondari vigoga huota wapi. Atajibu bila kufikiri: sehemu zenye unyevunyevu na kivuli. Ndivyo tulivyokaririshwa, ndivyo tulivyoandika kwenye mtihani, na alama tukapewa. Jibu hilo ni sahihi kwa Rungwe, na ni sahihi kwa Uluguru na Usambara. Likifika Chunya mwezi wa Oktoba, linagoma.

Mvua ya mwisho ya maana Chunya hunyesha Aprili. Kufikia Oktoba nyasi zimeungua, vijito vimebaki mchanga mtupu, na jua la saa saba linamfukuza hata mbuzi kwenye jiwe. Miyombo na mitundu ndiyo kwanza inachipua majani mekundu kabla tone lolote halijaanguka, kwa sababu mizizi yake inafika chini ambako maji bado yapo. Sasa inama penye mwamba wa itale, upande usiochomwa sana na jua, utazame mipasuko yake. Utaona utando mweusi, mkavu, umeshikamana na jiwe. Ukiukwangua kwa kucha unavunjika kuwa unga. Umwagie maji ya chupa. Dakika chache hazijaisha, vijani vidogo vitajikunjua, weusi utapungua, na utando wote utarudi kuwa wa kijani. Mmea huo hauna mzizi hata mmoja. Umekaa juu ya jiwe miezi sita bila mvua, na muda wote huo haukuwa umekufa.

Watu wakiona jambo hili huuliza kigoga kimehifadhi wapi maji. Jibu fupi ni kwamba hakikuhifadhi popote. Yalikwisha siku nyingi, pengine wiki ileile mvua ilipokata. Ndiyo maana katika sura hii nitakaa zaidi kwenye namna kigoga kinavyoyapoteza maji, kwa haraka gani, saa ngapi, kikiwa katika hali gani, maana ustadi wake wote uko hapo.

Kwanza mahali penyewe. Chunya iko mgongoni mwa mlima. Barabara ikitoka Mbeya mjini inapanda Kawetire, inavuka safu ya milima ya Mbeya kwenye kimo cha zaidi ya mita 2,400, kisha inashuka kuelekea kaskazini hadi mji wa Chunya, ulioko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni kilomita 70 hivi, lakini msafiri anabadilisha nchi. Unyevu unaopandishwa na upepo kutoka Ziwa Nyasa humwagwa kwa wingi kwenye miteremko ya Rungwe na Livingstone, ambako kuna sehemu zinazopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Chunya hupata chini ya nusu ya kiasi hicho, na karibu yote huanguka kati ya Novemba na Aprili. Waliokuja hapa katika miaka ya 1920 na 1930 walifuata dhahabu ya Lupa na hawakuwa na haja ya kutazama kilichoota juu ya jiwe. Hata wakusanyaji wa mimea walivutwa na upande wa pili wa mlima: Adolf Stolz, mmisionari wa Kimoravian ambaye jina lake limebaki kwenye majina ya mimea mingi ya Nyanda za Juu Kusini, alifanya kazi yake kubwa Kyimbila, karibu na Tukuyu, penye mvua tele. Siwalaumu. Kule mtu anajaza mfuko kabla ya chai ya asubuhi.

Tuuchukue mmea wa mahindi tuulinganishe na kigoga. Mhindi una mizizi ya kufuata maji chini, mirija ya kuyapandisha, na jani lililopakwa nta lenye matundu madogo yanayofunguka na kufungwa. Jua likizidi, matundu yanafungwa na mmea unabana matumizi. Kigoga hakina kimoja kati ya hivyo kwa namna ya maana. Vinyuzi vilivyo chini yake kazi yake kubwa ni kushikilia. Mirija, kwa vigoga vingi, haipo au ni dhaifu mno. Jani lake kwa kawaida lina unene wa seli moja tu, bila nta ya kutosha na bila matundu. Maji yanaingia mwilini kutoka pande zote na yanatoka kupitia pande zilezile. Hewa ikiwa na unyevu, kigoga kina unyevu. Hewa ikikauka, nacho kinakauka.

Na hewa kavu ina nguvu ambayo watu wengi hawaidhanii. Wataalamu huipima kwa megapaskali, kipimo kilekile cha mgandamizo. Udongo ukikauka hadi kuyashikilia maji kwa nguvu ya megapaskali moja na nusu hivi, mazao mengi ya shambani hunyauka na hayasimami tena bila kunyeshewa. Sasa chukua hewa ya nyuzi joto 20 yenye unyevu wa asilimia 50, hewa ya kawaida kabisa ambayo hata hatuiiti kavu. Hiyo inavuta maji kwa nguvu ya megapaskali zaidi ya 90. Hakuna utando wa seli unaoweza kushindana na mvuto huo kwa miezi sita. Mbuyu unajaribu kwa kulimbika maji kwenye shina, na mpungate kwa kujifunika nta nene. Kigoga kinaacha yaende.

Lakini hakiyaachii ovyo, na hapa ndipo mambo yanapoanza kupendeza.

Kigoga kilicholowa kinaweza kubeba maji yenye uzito mara kadhaa ya uzito wake kikiwa kikavu. Baadhi hufika mara kumi, na vile vya vinamasi vya jamii ya Sphagnum hupita hata mara ishirini. Ukikata jani lake na kulitazama kwenye hadubini utashangaa: ndani ya seli kuna sehemu ndogo tu ya maji hayo. Yaliyobaki yako nje. Yamejishika kati ya jani na shina, kwenye mikunjo ya majani, katikati ya vinyuzi, kati ya mmea mmoja na jirani yake, mahali popote palipo na nafasi nyembamba kiasi cha maji kupanda na kukaa yenyewe. Maji hayo ya nje ndiyo akiba pekee ya kigoga, na inakaa barazani, si ghalani.

Michael Proctor wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, aliyetumia miaka mingi kuchunguza jambo hili, alionyesha matokeo yake ambayo kwa maoni yangu ndiyo ufunguo wa maisha yote ya vigoga vya sehemu kavu. Jua linapoanza kupiga, yanayokauka kwanza ni maji ya nje. Wakati huo wote seli za ndani zimejaa pomoni na zinafanya kazi ya usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga, kana kwamba hakuna kinachoendelea. Maji ya nje yakiisha, seli nazo zinakauka kwa muda mfupi sana, mara nyingi dakika tu. Kwa hiyo kigoga hakina siku ndefu za kunyauka, zile tunazoziona kwenye mahindi ya Januari mvua inapokatika. Kina hali mbili: kimeshiba au kimekauka. Hatua ya katikati, ambayo ndiyo yenye madhara makubwa kwa mmea wowote, kinaivuka mbio.

Kuna gharama. Hewa ya ukaa ambayo mmea unaihitaji kutengenezea chakula hupenya kwenye maji polepole sana, takriban mara 10,000 polepole kuliko kwenye hewa. Kigoga kilichozama kabisa ndani ya maji yake chenyewe kimeshiba maji lakini kina njaa ya hewa. Kila jani linatakiwa litatue mgongano huo: libebe maji mengi iwezekanavyo bila kujiziba. Vigoga vingi vya sehemu kavu vimetatua kwa vinundu vidogo mno vilivyotapakaa juu ya seli. Maji hupita kwenye mifereji iliyo kati ya vinundu, yakisambaa jani zima kwa sekunde chache, huku vilele vya vinundu vikibaki wazi kupokea hewa. Vingine vimepinda majani yao kuwa mfano wa kijiko: tumbo la jani linashika maji, mgongo unabaki mkavu. Mmoja wa ufundi mzuri kuliko wote uko kwenye Octoblepharum albidum, kigoga cheupe-cheupe kinachoota kwenye magome ya miti ya tropiki, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki. Jani lake ni nene isivyo kawaida, na sehemu kubwa yake ni seli zilizokufa, tupu, zenye matundu. Seli hai za kijani zimefungiwa katikati. Seli zilizokufa hujaa maji mvua ikinyesha na hujaa hewa zikikauka, na ndiyo maana kinaonekana cheupe.

Umbo la kundi zima lina uzito zaidi kuliko umbo la jani. Kanga iliyoanikwa wazi kwenye kamba inakauka kabla ya adhuhuri, na ileile ikiachwa imekunjwa kwenye beseni inakaa na ubichi hadi kesho yake. Tofauti si kitambaa, ni uso uliofunuliwa kwa upepo. Kigoga kimoja kimoja juu ya jiwe kingekauka kwa dakika chache. Mamia yakisongamana kuwa bonge la mviringo, upepo unateleza juu bila kuingia katikati, na kadiri bonge linavyokuwa kubwa ndivyo uso wake unavyokuwa mdogo ukilinganisha na maji yaliyomo. Kwenye miamba mikavu utaona mabonge haya ya duara, mengine madogo kama kifungo, na mara nyingi yana rangi ya mvi. Mvi hizo ni vinywele vyeupe vilivyoota kwenye ncha za majani. Proctor alivikata vinywele hivyo kwa makusudi kwenye vigoga vya Ulaya akapima: bonge lenye vinywele vyake lilipoteza maji kwa kasi ndogo zaidi, tofauti ikifika karibu theluthi moja. Vinywele vinatuliza hewa inayogusa bonge na vinarudisha sehemu ya mwanga. Kigoga cha jangwani kiitwacho Syntrichia caninervis kina la ziada, kwa sababu vinywele vyake vinakamata umande na ukungu na kuteremsha matone hadi kwenye jani, kama watafiti walivyoeleza mwaka 2016.

Kama huna safari ya Chunya karibuni, tafuta Bryum argenteum. Kiko kila mahali duniani, hadi Antaktika, na mijini kwetu hukipata kwenye nyufa za sakafu ya saruji, kwenye kingo za mitaro, chini ya tangi la maji linalovuja. Kikikauka kinang'aa rangi ya fedha, kwa sababu sehemu ya juu ya kila jani haina umbijani wowote; ni kivuli ambacho mmea umejitengenezea wenyewe.

Tumefika kwenye siku ya kukauka kwenyewe. Ndani ya seli ya kawaida, ya mmea wa mahindi au ya binadamu, maji yakitoka yote kila kitu kinaharibika: tando zinashikana na kutoboka, protini zinapoteza umbo, na umbijani unaoendelea kupokea mwanga bila kazi ya kufanya unazalisha kemikali zinazounguza seli kutoka ndani. Kigoga cha ukame kina majibu kwa kila moja ya hayo. Syntrichia ruralis, ambacho Mel Oliver wa Marekani na wenzake wamekichunguza kwa miongo kadhaa, kina sukari ya aina ya sukrosi inayofika karibu sehemu ya kumi ya uzito wake mkavu, na kiasi hicho hakipandi wala kushuka sana kikiwa kimelowa au kimekauka. Iko tayari daima. Maji yakitoka, sukari hiyo haigandi kuwa chembe zenye ncha. Inakuwa kioo kigumu kinachojaza nafasi yaliyokuwemo maji na kuzishika tando na protini mahali pake. Pamoja nayo kuna protini maalumu zinazofanana na zile zinazokinga mbegu kavu. Majani yanajikunja au kujisokota yakizunguka shina, ili mwanga ufike kidogo tu, na umbijani unageuza nguvu ya mwanga kuwa joto na kuitoa.

Si vigoga vyote vilivyojiandaa hivyo. Atrichum androgynum, kigoga cha misitu ya milimani kilichochunguzwa Afrika Kusini na Nosisa Mayaba, Richard Beckett na wenzao mwanzoni mwa miaka ya 2000, kinahitaji kuonywa. Kikikaushwa ghafla kinaumia. Kikitanguliziwa ukavu kidogo, au kikipewa homoni ya absisiki ambayo mimea hutumia kupeleka habari za ukame, kinastahimili zaidi. Hicho ni kigoga cha msituni, mahali ambapo ukavu huja ukibisha hodi. Juu ya jiwe la Chunya haubishi. Jua hutoka wingu likipita, na kinachoishi hapo lazima kilale kimejiandaa.

Kikavu, kigoga kinaingia kwenye hali ambayo lugha ya kawaida ya uhai haiifikii. Hakipumui, hakikui, hakili. Kwenye majaribio ya maabara vigoga vingi vikavu vimestahimili joto la nyuzi 80 na zaidi kwa nusu saa. Hivyohivyo vikiwa vimelowa hufa kwenye nyuzi 40 hadi 50 hivi. Riccia macrocarpa, jamaa wa karibu wa vigoga, aliwahi kufufuka baada ya kukaa mkavu zaidi ya miaka 23. Jenasi hiyo ya Riccia ina spishi nyingi Afrika, na ni rahisi kuiona mvua zikianza: viduara vya kijani vilivyolala kwenye udongo mtupu, pembeni mwa njia au shambani baada ya mavuno. Kiangazi viduara hukunja kingo zao kwa juu, na magamba meusi au ya zambarau yaliyokuwa chini yanafunika sehemu ya kijani. Unapita juu yake ukidhani ni udongo.

Kwa hiyo ukame wenyewe haukitishi kigoga. Kinachokitisha ni rasharasha.

Mkulima wa Chunya anaijua hatari hiyo kwa upande wake. Mwishoni mwa Oktoba au mapema Novemba wingu linakuja, linamwaga matone ya kulowesha vumbi, harufu ya udongo inapanda, na mwenye haraka anapanda. Kisha jua linarudi wiki mbili na mbegu iliyokwisha kuchipua inakauka. Kwa kigoga hasara ni ya namna nyingine, lakini hesabu inafanana. Maji yakikigusa, tando za seli huvuja kwa muda kabla hazijakaa sawa, na sehemu ya sukari na chumvi hupotea. Upumuaji unaruka juu mara moja, kwa sababu ukarabati unataka nguvu, na nguvu hiyo inachomwa kutoka kwenye akiba. Usanisinuru nao unaamka, ila unahitaji muda kufidia kilichotumika: kwa vigoga imara sana ni chini ya saa moja, kwa vingine ni saa nyingi. Mvua ikilowesha jiwe kwa dakika ishirini na jua likalikausha, kigoga kimelipa gharama ya kuamka bila kupata faida ya kuwa macho. Rudia hivyo mara nyingi na kinakufa kwa njaa, huku kila rekodi ya hali ya hewa ikionyesha kwamba mvua ilinyesha.

Hilo limejaribiwa. Katika nyanda kavu za Utah, Marekani, Sasha Reed na wenzake walinyunyizia viwanja vyao mvua ndogo ndogo za kiangazi, milimita 1.2 kila moja, mara nyingi kuliko zinavyonyesha zenyewe. Walitoa matokeo mwaka 2012. Vigoga vya Syntrichia caninervis vilivyokuwa vimefunika karibu robo ya ardhi vilipungua hadi chini ya asilimia 2 katika msimu mmoja. Waliongeza maji, na mmea wa jangwani ukafa. Nadhani kila anayezungumzia mabadiliko ya mvua kwa kutazama jumla ya milimita kwa mwaka angepaswa kuusoma utafiti huo kwanza.

Joto linaifanya hesabu kuwa ngumu zaidi, na linaeleza kwa nini msafiri wa barabara ya Kawetire anaviona vigoga vikinenepa kadiri anavyopanda. Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo kigoga kilicholowa kinapumua tu, kinatumia. Usiku wa baridi kinatumia kidogo. Usiku wa joto kinatumia sana. Huko Panama, Gerhard Zotz na wenzake walipima vigoga vya msitu wa mlimani na kuchapisha mwaka 1997: walikuta zaidi ya nusu ya kilichochumwa mchana kilitumika usiku. Ikiwa hali ndiyo hiyo mlimani, nyanda za chini zenye usiku wa joto ni ngumu zaidi: kigoga kinalowa usiku, kinapoteza; kunakucha, kinakauka kabla hakijachuma. Milima mirefu yenye ukungu ni kinyume chake. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungaria aliyefundisha Morogoro, alipima misitu ya Uluguru na kuchapisha mwaka 1980: kwenye msitu mfupi wa kileleni, mimea iotayo juu ya miti, vigoga vikiwa sehemu yake kubwa, ilikuwa na uzito mkavu wa karibu tani 14 kwa hekta, na iliweza kushika lita 50,000 hivi za maji kwa hekta katika mvua moja. Watu wa Morogoro wanakunywa maji ya mlima huo. Chunya haina kitu cha namna hiyo. Kigoga chake hakimnyweshi mtu, kinajitosheleza.

Saa nzuri kwake ni asubuhi. Mvua ya alasiri ya Januari ikifuatiwa na usiku wenye mawingu, bonge linaamka limelowa, mwanga umetosha, joto halijapanda. Hizo saa mbili tatu ndizo za kuchuma. Mei na hata Juni, mvua zikiwa zimeshakata lakini udongo na nyasi bado vina ubichi, umande huongeza asubuhi nyingine kadhaa. Jiwe linaloutazama upande wa magharibi lina faida hapo, kwa kuwa jua la asubuhi linalifikia kwa kuchelewa.

Ila faida kubwa iko kusini. Vitabu vya Ulaya husema vigoga hupenda upande wa kaskazini wa mti, na nimeona kanuni hiyo ikirudiwa hapa kwetu kana kwamba jua ni lilelile. Chunya iko nyuzi 8 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Jua la mchana linapita utosini katikati ya Oktoba na tena mwishoni mwa Februari. Kati ya Machi na Septemba linapita upande wa kaskazini, na Juni linaegemea huko zaidi ya nyuzi 30, kwa hiyo uso wa jiwe uliosimama wima kuelekea kusini unakaa kivulini kutwa nzima katika miezi ambayo mingi yake ni ya anga jeupe. Novemba hadi Februari jua linahamia kusini na kuupiga uso huohuo, lakini hiyo ndiyo miezi ya mawingu na mvua, wakati kigoga kinauhitaji mwanga. Kivuli kinakuja kiangazi, mwanga unakuja masika. Ukitaka kufanya utafiti wa kweli bila fedha yoyote, chukua daftari, zunguka miamba yenye kuta wima nje ya mji, na uandike kila bonge linatazama wapi.

Jiwe lina faida nyingine: moto. Misitu ya miyombo huchomwa karibu kila mwaka, kwa makusudi au kwa uzembe. Kigoga kikavu kinachostahimili nyuzi 80 hakistahimili mwali. Kwenye magome ya miti, ambako jenasi ndogo za maeneo makavu kama Erpodium hujibana kwenye nyufa, moto wa chini unaosha futi mbili tatu za shina. Mwamba mtupu hauna nyasi za kuwaka.

Na dhahabu? Kigoga kinachopokea maji kwa mwili mzima kinapokea pia kila kilichomo ndani ya maji na vumbi. Hakina mzizi wa kuchuja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Sweden, Åke Rühling na Germund Tyler, walionyesha kwamba ukikusanya vigoga na kuvipima maabara unasoma metali zilizoanguka kutoka angani, na njia hiyo imetumika Ulaya nzima. Wachimbaji wadogo wa Lupa wanakamata dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma. Mvuke unakwenda hewani, na karibu na makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuoshea dhahabu kuna mawe, na juu ya mawe kuna mabonge. Kwa wilaya isiyo na mashine za bei kubwa za kupima hewa, hivyo ni vipimo vilivyokwisha kufungwa tayari, bila gharama, vikingoja mtu wa kuvisoma.

Limebaki jambo la uzazi. Mbegu za kiume za kigoga huogelea. Zinahitaji utando wa maji usiokatika kutoka mmea dume hadi jike, na mahali pakavu nafasi hiyo ni adimu. Katika jangwa la Mojave, Marekani, watafiti wa Syntrichia caninervis wamekuta majike wengi kupita kiasi, madume wachache mno, na vikonyo vya kubebea vijimbegu ni nadra. Spishi nyingi za sehemu kavu zinaongezeka kwa njia fupi: zinavunjika. Kigoga kikavu ni chepesi na dhaifu. Kwato ya ng'ombe, upepo wa Agosti au mguu wa mtu vinatosha kukisagasaga. Kila kipande cha jani chenye seli chache zilizo hai kinaweza kuanza mmea mpya kikipata ufa wenye vumbi na masika moja ya kutosha. Bonge zima unalolikuta Chunya pengine ni mmea mmoja uliojirudia mara maelfu, na yule jirani yake upande wa pili wa jiwe ni kipande chake kilichopeperushwa mwaka ambao hakuna aliyeuandika.